Fito Mbili za Kaltuma

Harufu ilinipiga kabla sijavua kiatu cha pili. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa watu, mkono mmoja ukutani, mguu mmoja juu, magoti yananilaumu, binti yangu Nasra amenishika kiuno nisianguke, na hapo hapo pua ikaniambia: uko nyumbani kwa mama yako. Ilikuwa harufu ya nyasi kavu, nyasi zilizosukwa zikakaa kivulini miaka mingi, zikanywa moshi na jasho la watu, kisha zikapashwa joto la mchana. Mbele yangu kulikuwa na chumba kitupu kilichotandikwa mikeka minene kutoka ukuta huu hadi ule. Nilikuwa Japani. Mama yangu hakuwahi hata kufika Nairobi.

Niwaeleze nilifikaje huko, maana mnaonifahamu mtasema mzee ameanza kuota. Mimi nauza pampu za maji. Ukitoka Garissa ukafuata mto Tana, pampu nyingi unazosikia zikinguruma kwenye mashamba ya ndizi na tikiti zimepita mikononi mwangu. Mwaka jana wenye kiwanda waliwaalika wauzaji wao wa zamani kutoka nchi mbalimbali, nami nikawa mmoja wao. Walitulisha samaki, wakatuonyesha mitambo, kisha wakatupeleka kwenye nyumba ya mtu aliyeanzisha kiwanda hicho, ambayo sasa wameifanya makumbusho. Jina lake sitalitaja. Alikuwa mtoto wa fukara, hakusoma sana, akaanza kufua vyuma kwenye banda nyuma ya nyumba ya wazazi wake. Nilimpenda mtu huyo kabla sijaona picha yake.

Na mimi sikusoma sana. Nilifika darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Haya nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nasra amesahihisha herufi, maneno nimemkataza kuyagusa.

Basi tukaingia, soksi yangu ya kulia ina tundu, kidole gumba kinachungulia kama kichwa cha kobe. Mama mmoja mpole, mfupi, alitutembeza na mkalimani nyuma yake. Hapa alilala, hapa alikula, nyundo yake hii, buli lake hili. Pembeni, juu ya ubao mrefu, nikaona sanduku la mti mweupe, kifuniko wazi, ndani hamna kitu. Juu yake picha ya mwanamke na karatasi yenye maandishi yao.

"Muulize hilo sanduku mbona tupu," nikamwambia Nasra. "Wameibiwa?"

Nasra akaniminya mkono, lakini akauliza. Yule mama akainama kidogo. Akasema sanduku lile lilikuwa la dada mkubwa wa mwanzilishi. Ndani mlikuwa na nguo zake za harusi. Aliziuza ili mdogo wake apate chuma cha kutengenezea pampu ya kwanza, na yeye akaolewa na nguo za kawaida. Mwanzilishi mwenyewe, kabla hajafa, aliacha neno kwamba sanduku likae wazi na tupu, na jina la dada yake liandikwe juu yake, ili kila anayeingia aulize kama nilivyouliza mimi.

Wenzangu wakasema aa, wakapiga picha, wakaendelea. Mimi nilibaki pale. Nasra alidhani nimechoka. Akanisogelea sikioni, furaha imemjaa.

"Baba, hivi ndivyo tutakavyofanya nyumba yetu ya zamani. Toroli yako tutaiweka mahali kama hapa, katikati, taa juu yake."

Toroli yangu. Nikalitazama tena lile sanduku.

Watu wa Garissa wananiita Mzee Toroli. Kwetu kila mtu ana jina la utani, na wengine hata wake zao wamesahau waliyopewa na wazazi. Langu nilipewa nikiwa mtoto, na nimelivaa kama kilemba. Kila nikisimama mbele ya watu, iwe harusi, iwe harambee ya shule, nimekuwa nikisema maneno yale yale: "Mimi sikupewa na mtu. Nilianza na toroli niliyoitengeneza kwa mikono hii miwili." Watu hupiga makofi. Wazazi huwaambia watoto wao, mnasikia? Na toroli yenyewe ninayo, nimeitunza, wanangu wote wameiona.

Sasa nitawaambia mipini yake ilitoka wapi.

Lazima kwanza mjue nyumba ya mfugaji wa kwetu ni ya nani. Ni ya mwanamke. Mume ana ngamia, ana bunduki, ana kelele, lakini nyumba si yake. Mwanamke huijenga, huibomoa, huipandisha juu ya ngamia, huijenga tena mahali pengine. Akigombana na mumewe, mume ndiye anayetafuta pa kulala. Mikeka husukwa na mama yake na shangazi zake kabla ya harusi. Na zile fito za kupinda zinazoishikilia si matawi ya kukata tu. Ni mizizi ya mgunga, inachimbwa, inalainishwa motoni, inapindwa polepole na kufungwa kamba hadi ikauke na umbo lake. Ufito mzuri unamzika aliyeupinda. Fito za mama zilipindwa na nyanya yangu, na kila mmoja nyanya aliutia alama karibu na ncha, mistari mitatu mifupi ya chuma cha moto. Mama alikuwa akisema, "Hizi ni mbavu zangu." Na siku ya kuolewa zilikuwa ziende kwa dada yangu Kaltuma, binti yake wa pekee.

Nilikuwa na umri wa miaka kama kumi, Kaltuma labda kumi na tatu. Tulikuwa tumepiga kambi karibu na Modogashe, pale barabara zinapoachana, malori yanasimama, dereva anakunywa chai na utingo anapiga magurudumu kwa fimbo. Baba alikuwa ameamua mimi nibaki pale kwa adeer, mdogo wake mwenye duka, ili niende shule. Mimi shule sikuitaka. Nilitaka toroli.

Mafundi wa barabara walikuwa wameacha moja iliyovunjika: gurudumu zima, beseni la chuma lenye kutu, mipini hamna. Niliiburuta hadi uani kwa adeer. Akaitazama, akatema mate pembeni.

"Hiyo ni nini, warya, we kijana?"

"Ni toroli."

"Ni takataka. Ukiipatia mipini, nitakuacha ubebe mizigo kutoka kwenye malori. Bila mipini, hiyo ni sahani ya mbwa."

Nikatafuta mipini siku nne. Miti ya pale ni miiba na matawi membamba kama mikono ya mtoto, hamna ulionyooka, hamna mnene. Siku ya tano ilikuwa siku ya kuhama.

Siku ya kuhama nyumba inabomolewa kabla jua halijapanda. Mama alikuwa amejifungua wiki chache tu, mtoto mgongoni, hana nguvu ya kuinua. Akamwambia Kaltuma, "Leo funga wewe." Mnajua hilo ni neno gani kwa msichana? Ni kama kukabidhiwa ufunguo wa duka. Maana mzigo wa nyumba hauwekwi tu juu ya ngamia. Mikeka inalazwa kwanza, fito zinafungwa ubavuni zikipinda kwenda juu, mpaka ngamia anaonekana ana pembe, na katikati yake mnakuwa kama kikapu, humo wanakaa watoto wadogo na mwanakondoo na bibi asiyeweza kutembea. Ukifunga vibaya, kinaanguka njiani kile unachokipenda. Mama akatangulia na wanawake wengine na mbuzi. Kaltuma akajifunga shuka kiunoni, uso wake mzito kama wa mtu mzima, akampigisha ngamia magoti.

Kazi yangu ilikuwa kumpa fito, mmoja mmoja.

"Nyingine," anasema bila kugeuka.

Nampa.

"Nyingine."

Nampa.

Nilipofikia zile mbili kubwa za katikati, zilizo nene na zenye mpindo mdogo, mikono yangu ilizishika ikasimama. Zilikaa kwenye kiganja kana kwamba nyanya alizipinda kwa ajili ya toroli. Hatua chache kutoka hapo palikuwa na kichuguu kirefu kunishinda. Kaltuma alikuwa upande wa pili wa ngamia, anakaza kamba kwa goti na kwa meno. Nilikwenda nikarudi. Sikuchukua muda mrefu kuliko wa kupiga chafya.

"Zimeisha?"

"Zimeisha, abaayo," nikamjibu dada yangu.

Akazunguka ngamia, akausukuma mzigo kwa kiganja. "Naona kama upande huu mwepesi."

"Ni vile umefunga vizuri," nikamwambia. "Mama mwenyewe hafungi hivi."

Akatabasamu. Mpaka leo sijui kitu kilichonitoka kinywani kilicho kibaya kuliko sifa ile. Alimwinua ngamia, akaniwekea mkono kichwani, akaniambia nisome, akaondoka na nyumba ya mama ikiyumba kidogo upande mmoja.

Kesho yake, kabla jua halijafika utosini, nilikuwa uani kwa adeer nikasikia naitwa. Kaltuma. Peke yake, vumbi hadi magotini, midomo imepasuka. Alikuwa ametoka alfajiri.

"Walaal, ndugu yangu, fito mbili za mama zimeanguka njiani. Zile za katikati. Nimeangalia njia nzima sijaziona. Labda zilianguka hapa hapa wakati wa kuondoka. Hukuziona?"

"Sikuziona," nikasema.

Nikampa maji kwa kikopo cha bati, akanywa, nikamwongezea. Akaniambia kule walikofika, alipoanza kuteremsha mzigo, shangazi yetu mmoja mwenye ulimi mkali alihesabu fito mbele ya wanawake wote, akacheka, akamwita Kamba Legevu. Na wanawake wote wakacheka. Mama hakucheka. Mama hakumpiga wala hakusema kitu, aliingia nyuma ya mikeka na mtoto. "Afadhali angenipiga," Kaltuma akasema.

Kisha tukaenda kutafuta. Ndiyo, nilikwenda naye. Niliomba ruhusa kwa adeer, shule nikaiacha siku hiyo, nikatembea na dada yangu juani kutafuta kitu nilichokificha mwenyewe. Nilichungulia vichakani. Nilipiga nyasi kwa fimbo. Nilikuwa hodari sana wa kutafuta, hata yeye akasema nipumzike. Wazo langu lilikuwa moja tu: nikitangulia mimi upande wa kichuguu, hatakwenda yeye.

Nikachomwa na mwiba, ule mrefu mweupe, ukaingia kisiginoni. Nikalia. Akaniketisha chini, mgongo wangu umeegemea kichuguu kile kile, akauweka mguu wangu mapajani pake na kuuchokoa mwiba kwa pini ya shuka lake, polepole, anapuliza. Fito zilikuwa nyuma yangu, mkono ungeweza kuzigusa. Nakumbuka mchwa walikuwa wakipanda shingoni mwangu nami nikaogopa kujikuna, kana kwamba nikisogea kichuguu chote kitaanguka na kusema.

"Wewe ni ndugu mzuri," akaniambia, akifunga kisigino kwa kipande cha kitambaa. "Wengine wangekaa dukani wale tende."

Jua lilipoanza kuinama akasema arudi, mama hana wa kumchotea maji. Sikumwita. Mara mbili alisimama njiani akainama, akaokota kijiti, akakitupa.

Fundi mmoja wa malori kutoka Ukambani, Mutua, ndiye aliyenisaidia kufunga mipini. Alizigeuza zile fito mikononi, akazinusa.

"Kijana, hii si kuni. Hii umetoa wapi?"

"Ni ya baba yangu."

"Baba yako anajua?"

"Anajua."

Akanitazama muda, akachukua msumeno. Fito zilikuwa ndefu mno, akakata kama dhiraa moja upande wa chini wa kila mmoja, akatoboa, akaingiza bolti. Vile vipande alivyokata tulichemshia chai. Nilikunywa chai ile. Halafu nikakata mpira wa ndani wa gurudumu la lori, vipande vyembamba, nikavizungusha kwenye mipini kutoka mwanzo hadi mwisho. Watu walisema mtoto huyu ana akili, anakinga viganja vyake. Nilikuwa naifunika mistari mitatu ya nyanya.

Yaliyofuata mnayajua, maana nimeyasimulia mara nyingi mno. Toroli ilibeba sukari, ikabeba unga, ikabeba maji. Shule ikaniacha au niliiacha. Nikapata duka la mbao, nikapata lori, nikashuka Garissa, nikapata pampu. Yote hayo ni kweli na jasho ni langu, silirudishi hata tone.

Lakini kuna siku moja ambayo sikuwahi kuisimulia. Harusi ya Kaltuma. Aliolewa na mtu wa upande wa Bura, nami nilikwenda kijana mwenye lori, gunia la sukari mbele na majani ya chai, watu wakanipokea kwa vigelegele, "Toroli amekuja!" Wanawake walikuwa wakiisimamisha nyumba ya bibi harusi, mikeka mipya, inanukia vile ilivyonukia kule Japani. Katikati, mahali pa fito mbili, walikuwa wameweka matawi mabichi ya kukata juzi. Matawi hayo yakalegea mchana ule ule kwa uzito wa mikeka. Nyumba ikabonyea. Mama wa bwana harusi akaizunguka, mikono nyuma.

"Imelala upande kama ngamia mgonjwa," akasema. "Ndiyo maana wakamwita Kamba Legevu?"

Wakacheka wote. Kaltuma akacheka pia, chini ya shela, kwa sababu bibi harusi hawezi kulia kwa jambo la fito. Mimi nilikuwa nimeshika bilauri ya chai. Hapo ndipo nilipojua nilichoiba. Mtoto wa miaka kumi alidhani amechukua miti ya mama yake, na mama ana mingine. Kumbe nilikuwa nimechukua nyumba ya dada yangu kabla hajaingia ndani yake, na jina lake pia. Kijana mzima mwenye lori, ningeweza kusema papo hapo. Nikaomba chai nyingine.

Baadaye nikamjengea ya mabati. Baadaye nikamjengea ya mawe. Kila nilipompelekea kitu alisema mbele ya watu, "Mungu alinipa ndugu," nami nikaharakisha kurudi Garissa. Mama alikufa bila kusikia kitu kutoka kwangu.

Tuliporudi kutoka Japani, Nasra hakupumzika hata siku mbili. Akaichukua toroli aisafishe kwa ajili ya makumbusho yetu. Nilikuwa napumzika kwenye kitanda cha kamba uani, nikamsikia anakwangua.

"Baba, huu mpira umeoza. Nimeutoa. Njoo uone, kumbe mipini ina alama! Mistari mitatu hapa, na hapa mitatu. Ni alama gani?"

"Sijui," nikamjibu.

Mzee wa ndevu nyeupe, nimekwenda hija, binti yangu amenipeleka hadi mwisho wa dunia kwa heshima, na neno lililonitoka ni lile la mtoto wa Modogashe. Lilitoka laini kabisa, bila kujikwaa. Nililala pale nikiliangalia anga, nikaliona lile sanduku tupu la yule mwanamke wa Kijapani, na jina lake juu.

Nikainuka nikatafuta spana. Bolti za Mutua zilikuwa zimekamatana na kutu, nikazipiga nyundo, nikajikata kidole. Nasra akapiga kelele kwamba naharibu historia. Nikamwambia hiyo si yangu. Nikatupa fito mbili nyuma ya pikapu, nikamwambia dereva twende Bura.

Kaltuma alikuwa ameketi kivulini. Jicho lake moja limeingia ukungu, lakini mikono yake ingali inasuka. Nyumba ya mawe niliyomjengea iko pale, humo anaweka mahindi na wageni. Yeye mchana anakaa kwenye ile ya zamani, ya mikeka, aliyoisimamisha uani. Bado imebonyea upande mmoja. Miti ya katikati ameibadilisha mara nyingi, haijawahi kukaa.

Salamu zikaenda mbali, watoto, mvua, mbuzi, magoti. Kisha nikamwekea fito mapajani. Akazipapasa. Kidole gumba kikafika kwenye ile mistari, kikasimama.

"Hizi umezipata wapi?"

"Sikuzipata. Nilikuwa nazo."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Siku ipi? Umri wetu huu siku ni nyingi. Sema."

"Siku uliyoniuliza kama zimeisha."

Mbuzi mmoja akaja akanusa ule ufito, akamfukuza kwa kiwiko.

"Na tulipokuwa tunatafuta?"

"Zilikuwa nyuma ya kichuguu."

"Kichuguu kipi? Kile nilichokutolea mwiba?"

"Hicho hicho, abaayo."

Alicheka, na sikukipenda kicheko kile. Kilikuwa kifupi, cha puani. Akasema, "Unajua nilirudi vipi siku ile? Niliogopa fisi, jua linashuka, miguu inauma. Basi nikawa nakuombea, ili nisikie sauti yangu. Njia nzima. Nilisema: Ee Mungu, mpe ndugu yangu, mpe mali, mpe gari lake mwenyewe, kwa sababu alinipa maji na akaacha shule yake kunitafutia fito za mama. Hivyo hivyo, mpaka nikaona moto wa nyumbani."

Maisha yangu yote nimesimama mbele ya watu nikisema sikupewa na mtu.

"Zimekatwa," akasema. Alikuwa amezinyoosha kando ya mguu wake, anapima. "Umezikata!"

"Fundi alikata."

"Fundi, fundi. Kuna fundi gani."

Hata hivyo alimwita mjukuu wake, wakatoa yale matawi ya katikati, wakaziingiza. Zilikuwa fupi kwa dhiraa nzima. Wakaziinua juu ya mawe mawili, mkeka ukaguna, ukatulia. Upande ule haukubonyea tena kama zamani, lakini mtu akipita anaona mawe.

"Nisamehe," nikasema.

"Fito umerudisha, nusu," akanijibu. "Lile jina je? Nimeitwa Kamba Legevu na watu ambao wamekwisha kuzikwa. Wajukuu zangu shuleni wanaitwa watoto wa Kamba Legevu. Hilo utalifungia wapi kwenye pikapu yako?"

"Nipe mimi niitwe."

"Umechelewa. Limeshanizoea." Akaokota kazi yake ya kusuka, akaiweka tena chini. "Wewe walikupeleka shule. Mimi nilirudishwa kuchota maji. Hizo herufi zako chache, zitumie. Andika. Hawa wadogo wanasoma. Andika wasome."

Nikamwambia mkono wangu mzito, sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko risiti. Akasema hata yeye mguu wake ulikuwa mzito siku ile. Kabla sijaondoka aliniletea maji, kwenye kikopo. Sikujua kama ni msamaha au ni adabu ya nyumba tu, na sikuuliza. Niliyanywa nikiwa nimesimama.

Makumbusho yetu Nasra ameyafungua. Toroli iko katikati, taa juu yake, haina mipini. Anayeingia lazima aulize.

Juzi nilimpigia Kaltuma simu nikamsomea yote haya, mstari kwa mstari, amenisikiliza bila kukohoa. Nilipomaliza akauliza, "Umeweka kwamba nilifunga vizuri?"

"Nimeweka. Pale nilipokusifu."

"Pale ulikuwa unadanganya. Weka tena, mwisho, peke yake."

Siku ile ya kuhama kutoka Modogashe, dada yangu Kaltuma alimfunga ngamia vizuri. Hakuna kamba iliyolegea.